Mkono Mzima

Jirani yangu mfumaji, hapa Songo, hasalimii kwa kiganja. Ukimkuta kibarazani anafuma sweta ya triko, anakupa kifundo cha mkono ukishike, macho yakibaki kwenye sindano zake mbili, na anasema, "Acha nimalize mustari, vitanzi vitaniangukia." Nimeshika kifundo hicho miaka na miaka. Tangu mvua ianze anajifunza kroshe, maana mama wenye watoto wachanga siku hizi wanataka kofia za namna hiyo. Kile kijiti kimoja chenye ncha ya ndoano kinamtaabisha. Mkono wa kushoto bado unatafuta sindano ya pili, na uzi anauvuta kama anafunga mbuzi.

Jana nilimkuta hivyo, kofia mapajani, simu kimya kando yake. Binti yake Noella alikuwa ametoka Luberizi asubuhi kuja nyumbani, na maji yalikuwa yamekata barabara. Mara mlango wa ua ukalia, Noella akaingia na matope mpaka magotini. "Mama, ni minye."

"Weye! Uko muzima?" Akasimama, kofia ikaanguka, akamkumbatia kwa mikono miwili. Alipomwachia ndipo akaikumbuka kazi yake. Akaiokota taratibu, akitafuta palipoharibika. "Kumbe kwa kroshe iko kitanzi kimoja tu kinafunguka!" Akakirudisha kwenye kijiti, akacheka huku machozi yakimtoka.

Nilipoaga, alikichomoa kijiti mwenyewe, akaiweka kofia chini, akanipa kiganja. Kilikuwa na joto, wala hakikuwa na haraka.