Niliziba matundu ya hewa Milimani, lawama nikamwachia fundi

Wakuu, hamjambo. Leo nitasema kila kitu, hata pale kinaponiaibisha.

Kwa miaka mingi nimedai kwamba fundi ndiye aliziba matundu ya hewa nyumbani kwangu. Uongo. Ni mimi niliagiza.

2007 nilinunua nyumba Milimani, Nakuru, kutoka kwa familia ya Wahindi. Ilijengwa miaka ya hamsini: flat roof, madirisha marefu ya chuma, na juu ya kila dirisha safu ya matundu. Baridi ikiingia humo, unavaa sweta hadi bafuni.

Nina digrii mbili, zote za fasihi, kwa hivyo nikajiona injinia. Nilikuwa nimesoma gazeti la ng'ambo kuhusu nyumba zisizopoteza joto. Nikaweka solar, nikaweka ceiling mpya, kisha nikamwambia fundi Ouma azibe matundu yote kwa simiti.

"Madam, hiyo ndiyo pua ya nyumba."

"Ouma, nyumba haina mafua. Ziba."

Akacheka. "Sawa, Prof. Wewe ndiye umesoma."

Desemba tukamaliza. Joto tamu! Nilitembeza wageni kama niko makumbusho.

Januari fujo za uchaguzi zikafika. Mama alitoroka Molo akaja kwangu. Ouma naye akatorokea kwao Siaya. Maduka yakafungwa, gesi ikaisha, tukarudi kwa makaa.

Sasa, mtu wa Molo halali bila jiko chumbani. Kwake nyumba ni ya mbao, upepo unapita. Nilimpelekea jiko mimi mwenyewe.

Asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni hewa ya makaa, haikuwa na pa kutokea.

Kwa matanga, kaka yangu aliuliza nani aliziba yale matundu. Siku hizo watu wa kabila letu na wa kabila la Ouma hawakuwa wanasalimiana.

"Fundi," nikasema.

"Nilijua! Hao watu walipanga."

Nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Funzo langu: kama unapika na makaa, acha nyumba ipumue. Na usomi hautibu woga. Nihukumuni hapo chini, sitabishana.

Ouma alipiga simu Aprili.

"Pole kwa mathe, Madam. Kaka yako ameniambia nikirudi Nakuru atanimaliza. Ulimwambia ni mimi?"

Nikasema network ni mbaya, simsikii.

"Mimi nakusikia vizuri," akasema, akakata.