Manyoya ya Oibor

Mama Caroline ni mtu wa kuota mchana. Sisemi kwa ubaya. Kibanda chake cha maziwa kimepakana na saluni yangu hapa Kitengela, na nimemwona kwa macho yangu akimimina maziwa kwa chupa ya mteja mpaka inafurika, yeye anaangalia mawingu upande wa Isinya. Ukimwita anacheka kidogo, anapangusa kaunta, halafu anarudi kule kule. Mwanzoni nilidhani ni maringo. Mimi ni mtu wa haraka, na watu wa polepole hunichoma roho.

Jina lake hasa ni Florence, lakini aliyemwita hivyo ni mume wake tu, Sironka. Huyo mzee alikuwa dereva wa familia fulani miaka mingi, na hiyo familia ilipohama nchi ikamwachia paka mweupe, manyoya marefu yanafagia sakafu. Wenzake walimcheka wakachoka. Ati Mmaasai mzima analea paka! Sironka hata hakujali. Alimpa jina kwa rangi, vile angempa ng'ombe wake: Oibor, yaani mweupe. Na kila jioni ungemkuta ameketi mlangoni na chanuo mkononi, paka amelala mapajani, Mama Caroline kando yake na kikombe cha chai. Hawaongei. Jua linashuka, upepo wa Athi unakuja na vumbi lake, na nyuzi nyeupe zinapaa kutoka kwa lile chanuo, zinaelea juu ya ua kana kwamba hazina uzito wala pa kwenda. Nikifunga saluni nilikuwa nasimama kuwaangalia, mimi na haraka zangu zote. Nilikuwa nawaonea wivu, wacha niseme ukweli.

Sironka alikufa mwaka jana, wakati wa mvua. Kwao mume akienda, mjane hunyolewa kichwa, na watoto pia, ndiyo namna ya kumuaga. Lakini Caroline, binti yao ambaye anaishi Nkoroi na kufanya kazi ya ofisi, alimsihi mama yake asinyolewe. Alisema hayo ni mambo ya zamani, watu wa kanisa wataonaje, wageni wataonaje. Mama Caroline si mtu wa kubishana. Akamzika mume wake huku yeye ana nywele zake kichwani, na hakulia. Tangu siku hiyo akawa kama mtu ambaye ameambiwa angoje hapa kidogo, na aliyemwambia hakurudi. Siku moja tukiwa wawili tu aliniambia kwamba msiba wake haujaanza, kwa hivyo hauwezi kwisha.

Basi akashika chanuo. Kila jioni akawa anamchana Oibor pale pale mlangoni, na huko ndiko alikokuwa anamwona mzee wake. Shida ni kwamba paka mwenyewe alikuwa amezeeka. Viungo vilikuwa vimekaza, hawezi kujipinda kulamba mgongo wala kufika nyuma, na paka asipojilamba manyoya hushikana. Mimi ni msusi, nilimwonyesha. Shika nywele karibu na ngozi ili usimvute, anzia kwa ncha, rudi ndani pole pole, donge likikataa linyunyizie unga wa kornflawa kidogo halafu ulifungue kwa vidole. Chini ya mkia mpanguse na kitambaa cha maji ya vuguvugu, kisha umkaushe vizuri. Alijifunza yote. Lakini haki, angechana mara mbili tatu, halafu mkono unasimama hewani, macho yameshaenda zake, na paka anangoja. Kwapani na tumboni, mahali ambapo Oibor hakupenda kuguswa, hakugusa kabisa.

Jumamosi moja Caroline alikuja kumsalimia mama yake, akakuta paka ananuka. Kwa roho safi kabisa akamtia kwa karai, akampaka shampuu na kondishena, akamsugua. Sisi nywele zetu tunazifungua zikiwa na maji, kwa hivyo nani angemlaumu? Kumbe madonge ya paka yakilowa kabla hujayafungua ndiyo yanakazana. Alipokauka, yote yalikuwa kitu kimoja, kigumu kama zulia kuukuu, na kimeshika ngozi. Oibor akaanza kutembea kwa kuchechemea. Halafu akaacha kula.

Daktari wa mifugo aliyeitwa aliingiza kidole chini ya lile zulia, akatikisa kichwa. Ngozi ilikuwa imeanza vidonda. Akasema manyoya yote yatoke haraka, na yasikatwe na makasi, maana ngozi ya paka mzee ni nyembamba na inavutika pamoja na nywele. Dawa ya usingizi hangempa, moyo wake ungeweza kusimama. Paka alihitaji mashine ya kunyolea, mkono mwepesi, na watu anaowajua wa kumshika. Wote wakageuka kuniangalia.

Mama Caroline akakataa. Yule mama wa sauti ya chini alimkumbatia paka na kusimama kati yetu na mlango.

"Haya manyoya Sironka ameyashika," akasema. "Nikiyatoa nitabaki na nini?"

Nilimwambia atabaki na paka. Nilimwambia kwa ukali, kwamba akiendelea hivyo atamzika na manyoya yake, kisha nikaondoka nimefura. Nilifika saluni nikaketi kwa kiti cha wateja, na hasira ikaniisha yote. Nilimhurumia mpaka nikalia.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana alikuja mwenyewe, Oibor amefungwa ndani ya leso, Caroline nyuma yake. Akamweka juu ya meza. Nilifunga mlango, nikazima redio. Caroline akashika miguu, mama yake akashika kichwa na kuanza kumwimbia kwa Kimaa, chini chini. Nilipitisha mashine kidogo kidogo, nikivuta ngozi iwe sawa, nikisimama kila mara ili chuma kipoe. Mwanga wa mchana ulikuwa unaingia kwa pazia la njano, na ndani ya huo mwanga manyoya yalianguka vipande vipande, mazito, bila sauti. Sijui tulikaa muda gani. Chini yake kukatoka mwili wa waridi, mwembamba, mdogo kushinda vile yeyote kati yetu alivyofikiria.

Oibor alijitikisa. Akalala kidogo, akainuka, akanusa sahani ya maziwa iliyokuwa kando, akaanza kunywa. Tulimwangalia mpaka akamaliza.

Mama Caroline ndipo alipofungua kilemba chake na kuketi kwa kiti cha wateja. Nilielewa. Nikachukua mashine nyingine, safi, nikaiwasha.

"Si wewe, Mama Kaloki," akaniambia. "Mpe huyu."

Caroline alirudi nyuma, akasema hajui kunyoa. Mama yake aliinamisha kichwa tu. Nikamtia binti mashine mkononi na kumwonyesha mahali pa kuanzia. Shungi la kwanza lilipoanguka begani, Mama Caroline akalia, kwa sauti, vile mjane hulia siku ya mazishi, na mtoto wake akaendelea kunyoa huku naye analia, akimwambia pole, yeiyo, pole, mama yangu. Mimi nilimbeba Oibor ndani ya leso, joto lake lote likinigusa kifuani.

Kichwa kilipokwisha, Caroline alizunguka mbele ya kiti. Akavua wigi lake la ofisini, akaliweka juu ya meza. Kisha akapiga magoti, akamwekea mama yake mashine mkononi.