Wosia Saba Bila Tarehe

Mwalimu Kasimiri wa Kimara aliandika tarehe ubaoni kila asubuhi kwa miaka thelathini na nne, na mwanafunzi aliyeisahau kwenye daftari alichapwa. Lakini kwenye wosia wake alikataa katakata kuiweka. Alisema ukiandika tarehe kwenye karatasi ya namna hiyo unakiita kifo, tena kwa miadi. Mimi Mashaka, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nilimwambia huo ni ushamba wa msomi. Akaninunia siku mbili.

Mke wake alikuwa ameshafariki. Watoto walikuwa wawili: Adelard, anayekaa Kawe na kuja Jumapili, na Benedicta, aliyeishi na baba, akimpikia, akimwosha miguu na kumchoma sindano ya kisukari. Benedicta hakuwa na pengine pa kulala zaidi ya nyumba ile. Adelard naye alishamleta dalali kuikagua, mzee akiwa hai kibarazani, anakunywa uji wake.

Sasa mgonjwa huyu wa kisukari alipenda soda kupita kiasi. Benedicta akimnyima, mzee anaandikisha wosia: nyumba apewe Adelard. Adelard asipoonekana Jumapili mbili, wosia mwingine: nyumba apewe Benedicta. Na kwa kuwa mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, mwandishi alikuwa Benedicta huyohuyo. Baba anatamka, binti anaandika kwa mwandiko safi kwamba yeye asipewe hata kijiko, kisha anakuja kunigongea mlango, shikamoo, baba anaomba uje ushuhudie. Mimi na Revelian, shemeji wa mzee, tunasaini, nafasi ya tarehe inabaki tupu. Nilimheshimu Mwalimu, lakini kwa jambo hili alinichosha.

Alifariki mwezi wa nne. Kikao cha ukoo kilipofungua sanduku lake zikatoka wosia saba, zote zimesainiwa. Nne zilimpa nyumba Adelard, tatu Benedicta. Adelard akatangaza kwamba nne kwa tatu ameshinda, utadhani alikuwa anagombea udiwani. Ukoo ukamchagua Benedicta kuwa msimamizi wa mirathi, na suala la nyumba likapelekwa mahakama ya mwanzo.

Hakimu, mama mmoja mpole, alizipanga karatasi mezani akauliza mwandiko ni wa nani. Benedicta akajibu ni wake, zote saba. Basi wewe unajua upi ni wa mwisho, hakimu akasema, na wosia wa mwisho ndio wenye nguvu.

Hata mimi nilijua. Wa mwisho uliandikwa baada ya mzee kunyang'anywa soda ya machungwa, na nyumba ilikwenda kwa Adelard. Nikaangalia viatu vyangu. Revelian akashikwa na kikohozi.

"Mheshimiwa," Benedicta akasema, "kila nilipoandika tarehe, baba aliniamuru niifute. Alivyokuwa hai sikuweza kumwekea. Leo hayupo, mie nani nimwekee?"

Hakimu akaguna, akazisukuma zote pembeni. Marehemu akahesabiwa amekufa bila wosia, watoto wagawane sawa, na nyumba isiuzwe mpaka wote wawili wakubali. Adelard akatoka nje kumpigia simu dalali wake. Nilifurahi, sitaki kuficha.

Karani akamsogezea Benedicta fomu ya msimamizi. Akasaini. Kisha, juu kulia, akaandika siku, mwezi na mwaka, akaazima rula, akapiga mstari chini yake kama alivyofundishwa na baba yake.