Maana ya Lindengule

Jirani yangu anapukuchua mahindi. Ameanza tangu saa nane mchana, na kila punje inayodondoka kwenye beseni la bati inanigonga kichwani, maana nimekaa barazani na rundo la mitihani ya kidato cha pili na kalamu nyekundu inayokaribia kuisha wino. Swali la kumi na moja linasema: "Eleza maana ya shairi hili." Swali hilo nimelitunga mimi. Nimelitunga kila mwaka kwa miaka ishirini na sita, nikibadilisha shairi tu, na leo niwaambie ukweli, wapendwa: nimelichoka. Nimechoka kuliuliza na nimechoka kusoma majibu yake. Tena sauti hii ya mahindi imenikumbusha kwamba si mara ya kwanza swali hilo kuniharibia mambo.

Utotoni tulikuwa tunakaa hapa hapa Songea, Lizaboni. Baba alikuwa na shamba Mpitimbi, na mahindi yakishakauka yaliletwa kwa lori la mtu na kumwagwa sebuleni mpaka tukakosa pa kukanyaga. Kupukuchua ilikuwa kazi ya watoto. Vidole gumba vilitoka malengelenge, vumbi la mahindi liliwasha shingoni, na Juni ya Songea mnaijua, baridi inapenya mpaka kwenye mbavu. Mkekani tulikaa watatu: mimi wa miaka kumi na mmoja, mdogo wangu Agneta, ambaye wote tulimwita Neta, wa miaka saba, na Asha, binti wa majirani zetu waliohamia kutoka Namasakata, kule Tunduru. Asha hakulazimishwa na mtu. Alikuja kwa sababu ya kelele zetu.

Kelele zenyewe zilikuwa hizi:

Lindengule, lindengule,
Chilangwe chapita kule,
Jua kapika kikombe,
Mvua kavaa ng'ombe,
Kule! Kule! Lindengule.

Neno la mwisho likitoka, gunzi lilipaswa kuwa tupu mkononi mwako, nawe ulirushe kapuni. Aliyebakiwa na punje alichekwa. Hatukujua maneno hayo yalitoka wapi, wala hakuna aliyewaza kuuliza. Tulijua tu kwamba ukifika kwenye ng'ombe aliyevaliwa na mvua, mkono unakwenda wenyewe na baridi unaisahau.

Sasa, Neta alikuwa na kigugumizi. Sisemi kile cha kukwama mara mojamoja. Kwake kuomba maji ilikuwa safari. Angeanza "ma-ma-ma-ma" mpaka mama anaacha sufuria jikoni na kuja mbio, akidhani anaitwa, kumbe mtoto ana kiu. Tulicheka sana nyumbani kwa jambo hilo, na Neta naye alicheka. Kwa majirani hakucheka. Alijifunza kuomba vitu kwa kidole.

Lakini kwenye Lindengule ulimi wake uliteleza kama wa mtu mwingine. Alikuwa mwepesi kutuzidi sisi wakubwa. Nilimwona mama mara nyingi akisimama mlangoni na mwiko mkononi, hapiti wala harudi, anamsikiliza tu.

Mwaka huo Neta alikuwa darasa la kwanza, na ilipokaribia Novemba mwalimu wake alimwita mama. Alikuwa mwanamke mpole, mgeni katika mkoa wetu, na alisema wazi kwamba mtoto anaandika vizuri ila hajamsikia akisoma sentensi hata moja. Siku ya kufunga shule wazazi wangekuwepo. Neta asimame mbele yao aseme shairi lolote analolijua, mwanzo mpaka mwisho, naye atampandisha la pili.

"Mama, ni hivi," alisema. "Akariri shairi, au akariri darasa."

Mama alirudi nyumbani anaimba. Shairi si lipo! Kesho yake nilimpeleka Neta kwa mwalimu wakati wa mapumziko, akasimama, akafumba macho, akalitoa lote bila kukwama hata mara moja. Mimi nilitaka kuruka. Mwalimu hakuruka. Alikunja uso.

"Hiyo lugha gani?"

"Sijui, mwalimu. Ni ya mahindi."

"Ya mahindi?" Akashusha sauti. "Nasikia huku kuna nyimbo za unyago, za kuwafunda wanawari. Siwezi kumsimamisha mtoto mbele ya padri na mwalimu mkuu aseme maneno nisiyoyajua. Niletee maana yake Jumatatu."

Nikaanza kuitafuta maana. Nilianza kwa bibi yetu, mzaa baba, Mngoni aliyejisifu kwamba hakuna neno la Kingoni linalompita. Nilimwamkia, nikamtajia. Akatafakari kidogo na kusema, "Aka, hicho si Kingoni. Hicho Kiyao. Kawaulize wale Waislamu jirani zenu." Nikaenda kwa mama yake Asha, nikamkuta anachagua mchele. "Lindengule?" akasema. "Wallahi, mwanangu, Kiyao hakina neno hilo. Mimi nilidhani ni lenu! Hilo lina Kimatengo ndani yake, kamwulize fundi." Fundi cherehani pale barabarani alikuwa Mmatengo. Alisimamisha mashine, akayarudia maneno kwa sauti mara tatu, na niliona wazi kwamba yanampendeza, maana mguu wake ulianza kugonga. Kisha akasema kwa uhakika kabisa: "Kingoni cha zamani hicho. Bibi yako atakuwa amekisahau."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Leo ningewabusu wote watatu. Kila mmoja aliamini maana ipo, na ipo kwa jirani, kwenye lugha ya nyumba ya pili. Siku ile nilikasirika tu, maana Jumatatu ilikuwa inakuja na mama alikuwa ameshanunua soksi nyeupe.

Basi Jumapili nikaitunga. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili na nilijua walimu wanapenda nini. Nilichana karatasi katikati ya daftari nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Lindengule ni mtoto mtiifu, mwenye ulimi ulionyooka. Chilangwe ni uvivu, nao unapita kule, mbali naye. Jua kupika kikombe ni elimu, inayomchemshia mtoto maisha yake ya baadaye. Mvua kuvaa ng'ombe ni baraka kwa wakulima na wafugaji. Hilo la ng'ombe lilinitoa jasho.

Mwalimu aliisoma karatasi mara mbili. Alipomaliza alikuwa karibu kulia. "Kumbe wazee wetu walikuwa na hekima hivi!" alisema, na akaongeza sharti kwa furaha: Neta atangulie kuwaeleza wazazi maana, ndipo aseme shairi.

Nilimfundisha wiki mbili. Jioni, baada ya kuosha vyombo, nilimsimamisha uani nikimwuliza, "Lindengule ni nani?" naye akijikakamua, "M-m-mtoto m-m-m..." Nikamwambia basi, hiyo maana nitaisema mimi, yeye aseme shairi tu. Mwalimu akakubali. Lakini niliona kitu, na nawaambieni nilikiona: hata kwenye shairi lenyewe Neta alianza kusita kabla ya neno la kwanza. Alikuwa analitazama kwanza. Nikadhani ni uvivu, nikamgombeza.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mama alikaa mstari wa mbele, na pembeni yake mama yake Asha katika kanga mpya. Nilisimama nikatoa maana yangu kwa sauti, watu wakaguna kwa kuridhika, padri akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha Neta akapanda jukwaani na soksi zake.

"Li," alisema. "Li-li-li-li."

Asha, aliyekaa sakafuni na wanafunzi wenzake, hakuvumilia. Akapaza sauti, "Lindengule!" Watoto wakamfuata, wakalisema shairi zima kwa furaha, wakirusha mikono kama tulivyorusha magunzi, hata waliokuwa hawajawahi kulisikia kabla ya dakika ile wakidakia nyuma yao. Ukumbi ukacheka kwa raha. Kila mtu alikuwa nalo isipokuwa mwenyewe. Neta alisimama kinywa kikiwa wazi mpaka wakamaliza, wakampigia makofi ya huruma, akashuka. Akakariri darasa. Mama hakumlaumu mtu, lakini kuanzia siku hiyo sikumsikia Neta akilisema tena, mkekani wala popote.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili. Watu wananiambia nina kipaji cha kufafanua mashairi, na ni kweli, ningeweza kuwapa maana hata ya kikohozi. Huku wanafunzi wangu, wanaosinzia nikifafanua, wakitoka nje wanaimbiana vitu visivyo na kichwa wala miguu, na wanavijua vyote kwa moyo, na wadogo zao watavijua. Zamani niliwakemea. Siku hizi nasimama dirishani nawasikiliza, nimechoka mno kukemea, na naona wanavyopumzika. Siku nzima kila neno linawadai jibu. Maneno yale hayawadai kitu, na yeyote anaweza kuingia bila kubisha hodi.

Mwezi uliopita nilikwenda Madaba, Neta anakoishi na mume wake na viazi vyao. Ana wajukuu wawili sasa. Kigugumizi kimepungua kwa umri, ingawa simu bado hapokei, anaandika ujumbe. Tulikuwa tunamenya viazi nikamwambia yote: kwamba Lindengule haikuwa na maana yoyote, kwamba fundi, bibi na mama yake Asha hawakujua, kwamba niliitunga mimi ile Jumapili. Nilidhani atashangaa.

"Na-najua, dada," alisema. "Nilikuona ukiandika." Akaendelea kumenya, kisha akasema polepole, akipita kila neno kwa uangalifu. "Zamani Li-lindengule hakuwa mtu. Tulikuwa wote tu. Ukaandika kwamba ni mtoto mwenye u-ulimi ulionyooka. Nikajua si mimi."

Nilimwomba msamaha. Miaka zaidi ya arobaini, na ndiyo mara ya kwanza. Akanipokonya kisu, akaniambia nenda kalale kidogo, dada, umechoka.