Maziwa Yasiyopanda Motoni

Kwetu Nyamitaba maziwa hayakupanda motoni. Maharage yalipikwa, viazi vilipikwa, hata maji ya kunawa yalipashwa kwa sababu ya baridi ya vilima vyetu. Maziwa, hapana. Ukiyapika, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zinapasuka, naye anakauka. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo; tulikua nalo.

Mdogo wangu wa kike alikuwa hajaanza shule alipoota matezi shingoni. La kwanza lilikaa chini ya sikio, gumu, lisilouma, na sisi watoto wapumbavu tukawa tunalichezea. Kisha yakaja mengine, na moja likatoboka, likatoa usaha usiokoma. Bibi mzaa baba, ambaye sisi watoto tulimwita Koko kama tulivyomwita baba yetu Papa, akampaka majani yaliyopondwa. Katekista akamwombea. Mwishowe Mama akambeba mgongoni mpaka dispansari, nami nikafuata na viazi vya kula njiani.

Munganga, bwana aliyetibu watu pale, alimpaka dawa ya kahawia, akanawa mikono.

"Ugonjwa hii inatoka mu maziwa," alisema. "Mupike maziwa kwanza, mbele mutoto akunywe. Na mutoto alale ku hospitali, miezi mingi."

"Na bale batoto bengine nitabaachia nani?" Mama akauliza.

"Basi mupike maziwa, Mama."

Alisema kirahisi, kana kwamba anatuambia tufagie nyumba. Nilimkasirikia yule bwana kwa miaka mingi, na kosa lake lilikuwa kusema kweli tu.

Papa alikuwa mtu mpole. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, akatazama zizini.

"Niko na ngombe moja tu ya kukamua," alisema. "Ikikauka, batoto bote batakula nini?"

Nilitaka Mama ajibu. Aliinama akachochea moto, na mimi, uzee huu wote, bado nalitafuta jibu hilo.

Basi Mama akatafuta njia ya pembeni. Jirani yetu, mwenzake wa kanisani, alikuwa wa familia ya wakulima. Hawakufuga ng'ombe, na mwiko wetu haukuingia nyumbani kwake. Kila asubuhi nilipeleka kibuyu kidogo cha maziwa chini ya kitenge, jirani akayapika maziwa kwenye sufuria yake, mdogo wangu akayanywa palepale. Alikunja uso kwa harufu ya moshi, lakini baada yake alipewa ndizi mbivu, na kwa ndizi angekunywa hata maji ya mtoni. Kidonda kilianza kukauka, au sisi tulipenda kuona hivyo.

Kikaja kiangazi. Majani yakaisha malishoni, mimba ya ng'ombe ikakua, maziwa yakapungua kama yanavyopungua kwa ng'ombe yeyote. Lakini kuna mtu alikuwa amekwisha kumwambia bibi habari za sufuria ya jirani. Heri angepiga kelele. Aliketi chini mbele ya ng'ombe, akalia machozi ya kweli.

"Muliniulia ngombe," alisema.

Papa akamwomba Mama, kwa sauti ya chini, asitutume tena kwa jirani. Mama akaona bora mtoto asinywe maziwa kabisa. Hapo ndipo tulipokuwa gumzo la watu. Mtoto wa wafugaji kunyimwa maziwa! Wanawake walimwuliza Mama mlangoni mwa kanisa mtoto amekosa nini.

Bibi naye aliona mjukuu anakonda. Kila jioni, Papa akishakamua, alimwita nyuma ya nyumba, akampa maziwa yenye povu, yangali na joto la ng'ombe. Niliwaona. Alimfuta mdomo kwa nguo yake mwenyewe, akimbembeleza, na mtoto akicheka. Nani angemkaripia bibi yule? Nikamwambia Mama.

"Minajua," alijibu, akaendelea kuchambua maharage.

Niliogopa siku ile kuliko siku ya dispansari.

Mvua ziliporudi, ng'ombe akazaa, maziwa yakawa tele. Bibi akatangaza kwamba ni kwa sababu tuliacha kupika. Wakati huo mdogo wangu alikuwa haamki tena mkekani. Alikohoa, alikataa uji, alikataa hata ndizi.

Asubuhi moja Mama akaweka maziwa kwenye moto wetu wenyewe, mchana kweupe. Papa akaona, akatoka nje. Bibi akafunika uso. Yalipopoa, Mama akampelekea mtoto, naye akageuza kichwa.

"Hapana ile ya moshi, Mama. Ninataka ya Koko."

Mama akabembeleza, akaimba, akajaribu kumtilia mdomoni kwa kijiko. Yakamwagika yote shingoni, juu ya vidonda. Akaona mtoto hatapona tena kwa maziwa yoyote, akaweka kikombe chini. Kisha akamwita mama mkwe wake.

"Mama, muletee maziwa."

Bibi akaja na maziwa ya asubuhi ile, mabichi. Mama akamshika mtoto kichwa, bibi akashika kikombe, na mdogo wangu akanywa yote.