Vitunguu Vilivyovunwa kwa Ratiba

Nyumbani walimwita Diploma, na hawakuwa wakimsifu. Alikuwa amesomea kilimo mpaka akahitimu, lakini hajawahi kuvuna hata kitunguu kimoja cha mkono wake. Chuoni walipanda, likizo ikafika, wakala wengine. Kwa hiyo alipomwomba Baba Mkubwa, msimamizi wa ardhi ya ukoo, ampe shamba la bondeni, mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, bonde lile fundi matofali amelililia siku nyingi. Nimnyime yeye nikupe wewe ukalisomee?" Akamtazama, akaona binti hacheki. "Haya. Nionyeshe zao moja ulilolilea mwenyewe, toka mbegu mpaka gunia. Nikiliona, bonde lako. Nisipoliona, fundi anaingia."

Wakati huohuo serikali ikaanzisha mpango wa wanagenzi wa kilimo. Vijana waliosoma wangekaa kwenye shamba la mafunzo, wafundishwe kwa vitendo, kisha wakajitegemee. Nani angeupinga mpango kama huo? Diploma alifunga mzigo siku aliyoitwa, akachagua vitunguu, na akavilea kama mama mwenye mtoto wa kwanza. Alisia mbegu kitaluni, akahamisha miche, akapalilia mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Vikaanza kutunga, naye akaanza kulala usingizi mtamu.

Ndipo mratibu wa mpango alipowakusanya ukumbini na kutangaza mzunguko. Kila mwanagenzi apite kila kitengo. Waliokuwa kwenye mboga waende kwenye kuku, na waliokuwa kwenye kuku waje kwenye mboga, kitengo ambacho ratiba sasa ilikiita cha mavuno. Diploma alimfuata mpaka ofisini, matope yakiwa bado viatuni.

"Mheshimiwa, niache na vitunguu vyangu. Bado kidogo tu."

"Mwongozo unasema mzunguko, dada."

"Mwongozo umewahi kupanda kitunguu?"

Mratibu alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Diploma zaidi, kwa sababu hakupata wa kumchukia. "Mimi naona unachokiona," alisema. "Lakini wizarani wananiuliza wangapi wamezunguka. Hawaniulizi vitunguu vimefikia wapi. Nikikuacha wewe, kesho wote wako mlangoni."

Akaenda kwenye kuku. Alizoa samadi huku moyo uko kwenye matuta. Kila akipata mwanya alichomoka kwenda kuwasihi waliopokea kitengo chake. "Jamani, msing'oe mpaka majani yalale yenyewe na shingo zilegee. Mkiwahi, vitaoza." Wakaitikia vizuri tu, maana walikuwa watoto wa watu wenye adabu.

Siku ya wageni wa wizara, wazazi nao walialikwa. Baba Mkubwa alifika na kofia yake ya harusini. Diploma alikuwa bandani akinywesha vifaranga aliposikia makofi kutoka upande wa bustani. Alikimbia. Alikuta vitunguu vyake vyote vimelazwa juu ya matuta, majani yakiwa bado mabichi, na wenzake wanawafungia wageni mafungu.

"Mmefanya nini?"

"Ratiba inasema mavuno leo," mmoja alijibu, akitafuta pa kuficha uso. "Na wageni walitaka kuona mavuno."

Baba Mkubwa aliinama, akaokota kimoja, akakibinya shingoni. Shingo ilikuwa nene na ngumu kama kidole gumba. Alilima maisha yake yote, hakuhitaji kuambiwa.

"Hiki hakijakomaa, mwanangu."

"Najua, baba. Sikung'oa mimi."

"Sasa ulikuwa wapi?"

"Kwenye kuku."

Angemfokea, Diploma angepata la kujibu. Mzee alikirudisha kitunguu chini taratibu, akapangusa mikono. "Nipe msimu mmoja tu," Diploma aliomba. "Palepale bondeni, bila mratibu wala ratiba."

"Nilishampa fundi neno langu, kwamba leo ndiyo mwisho."

Mratibu akaja mbio, anahema, anamtafuta binti aliyeotesha vitunguu ili apige picha na wageni. Diploma alimwambia akapige na mwongozo. Kisha akakaa kwenye tuta na kulia mbele za watu, bila kujifunika uso.

Hakurudi kwenye kuku. Fundi alipoanza kuchimba, yeye alikuwa amesimama ukingoni mwa bonde na jembe lake, hajui amelibebea nini. Vibarua walianza kwa kukwangua udongo mweusi wa juu, wenye rutuba yote, wakautupa pembeni kama takataka, kwa sababu haufai kwa matofali.

"Huo mnaupeleka wapi?" aliuliza.

"Popote," fundi alisema. "Unautaka? Beba, ila uuondoe leo, unatuzibia njia."

Diploma aliweka jembe chini, akaenda kutafuta toroli.