Vitunguu Saumu vya Bi Noélie

Kumenya vitunguu saumu hakumshushii mtu hadhi, na Bi Noélie alikuwa akivimenya tangu utoto wake. Kilichomshushia hadhi ni alivyowekwa. Sylvain, mwanawe wa pekee, aliyerithi mkahawa wa wazazi wake huko Périgord, Ufaransa, alimkalisha mlangoni na aproni ya maua ambayo hata marehemu mamake Noélie angeikataa, ili watalii wampige picha wakiingia. Na kwenye orodha ya vyakula akaandika: Supu ya Bibi Noélie.

Jamani, huyu ndiye aliyepika harusi za kijiji kizima! Bata alichinja mwenyewe, mafuta yake akayahifadhi mwenyewe. Turini yake, ile supu ya vitunguu saumu na mafuta ya bata, inayomaliziwa kwa yai na siki, iliwainua wagonjwa na kuwazindua mabwana harusi walevi. Siku aliyomzika mumewe hakufunga jiko. Alisema waombolezaji nao wana matumbo.

Magoti yalipomshinda, akampisha mwanawe jikoni.

“Wewe kaa tu umenye, Mama,” Sylvain alimwambia. “Vitunguu vyako ndivyo vinavyoipa supu ladha.”

Akaamini. Mzazi gani asingeamini?

Jumapili moja mchana mkahawa ulifurika. Kwenye meza ya pembeni alikaa Firmin, tarishi mstaafu, aliyekula pale tangu ujana wake. Sasa, mtu wa kule akibakiza supu kidogo bakulini huimwagia divai nyekundu, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa mpaka tone la mwisho. Shabro hiyo. Asiyeifanya ama ni mgonjwa ama ni mgeni. Lakini Noélie alimwona Firmin amesukuma bakuli kando, divai anainywa kwenye glasi.

“We Firmin, unaumwa?”

“Mzima kabisa.”

“Mbona hufanyi shabro?”

Firmin akaitazama glasi yake. “Hii divai imenikosea nini, Noélie, hata niimwage humo?”

Noélie akainuka. Akajikongoja mpaka jikoni. Akamkuta Sylvain ana mkasi mkononi, anakata pakiti na kumimina unga wa manjano kwenye maji ya moto. Ndani ya pipa la taka, juu ya machicha ya kahawa, vimelala vitunguu alivyomenya asubuhi ile, vyeupe, hata kisu hakijavigusa.

“Sylvain! Nini hii?”

“Mama, usianze. Wageni wamejaa.”

“Nakuuliza, nini hii?”

“Supu! Nani amewahi kulalamika? Bakuli zinarudi tupu!”

“Na mimi unanikalisha pale mlangoni nikufanyie nini?”

“Wanakupenda, Mama. Wanakuja kwa ajili yako.”

Hebu sikia maneno hayo! Mtoto wa kumzaa mwenyewe, amekula jasho la jiko lile mpaka akaota ndevu, leo anatupa kazi ya mamake jalalani kila siku, kisha anamwambia anapendwa.

Noélie akatoka, akasimama mbele ya Firmin.

“Ulijua?”

“Tangu kijiko cha kwanza.”

“Ukanyamaza! Nimekuuguza kwa supu ya mikono yangu, Firmin, nawe ukanyamaza!”

“Nilikukuta umekaa mlangoni unacheka na wageni,” alijibu taratibu. “Nikasema, basi, Noélie amekubali.”

Hapo ndipo palipomchoma. Alikuwa amejiandaa kumlaumu mwanawe, kumbe wenzake walikwisha kumhesabu yeye pia kuwa mdanganyifu. Maisha yake yote hakumpa mtu chakula huku akimficha kilivyopikwa. Akageukia ukumbi.

“Wekeni vijiko chini!”

Vichwa vikageuka. Mwanamke mmoja akainua simu ampige picha.

“Na hiyo simu pia, binti yangu. Supu mnayokunywa sikuipika, wala sijui ilikotoka. Mmedanganywa kwa jina langu, na mimi mjinga nilikuwa nimekaa pale nikiwakaribisha.”

“Mama, unaniua!” Sylvain alipiga kelele kutoka jikoni.

“Basi njoo uwaambie wewe, mwanangu. Njoo uwaambie imetoka wapi.”

Wote wakageukia mlango wa jikoni. Noélie naye alisimama akingoja, magoti yakimuuma. Sylvain hakutoka.